Posta Hakulali Mtu

Najua wengi wenu mnanisikia mkiwa ndani ya daladala, na najua daladala hiyo haisogei. Kama unakwenda Bunju, hapo ulipo pengine ni Mwenge. Kama unakwenda Chamazi, ndiyo kwanza mko Kwa Azizi Ali na konda bado anawaambia watu wasogee nyuma, kuna nafasi. Basi muda tunao. Leo nataka tuongee habari za huko unakotoka na huko unakokwenda, maana wanaolijadili jiji letu wamezoea kuvitenganisha. Wakikaa kikao kuhusu Mbagala na Goba, wanalia na ujenzi holela. Wakikaa kikao kuhusu Posta, wanalia kwamba katikati ya jiji pamepooza na panahitaji kufufuliwa. Mimi nasema hiyo ni kesi moja. Waliotakiwa kulala Posta ndio hao wanaolala Chanika.

Pita Mtaa wa Samora saa tatu usiku, siku ya kazi. Pale kwenye sanamu ya Askari, iliyosimama tangu 1927, mchana kuvuka barabara ni kazi. Saa tatu usiku unaweza kutandika mkeka katikati ya lami ukalala. Utakuta walinzi, taa za benki, na mtu mmoja mmoja anayekimbilia basi. Hutakuta mtoto aliyetumwa chumvi. Ni kweli, ukikata kuelekea Kisutu na Mtaa wa Jamhuri utakuta uhai: moshi wa mishikaki, watu kwenye roshani, familia za Kihindi ambazo hazikuhama. Lakini angalia ni kwa nini pale kuna uhai. Kuna watu wanalala juu ya maduka yao. Siri nyingine hakuna, wala haihusiani na taa za kupendezesha mji.

Tuanze na huko pembeni. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 356,000 katika Dar es Salaam yote. Ya 1978 ikakuta zaidi ya 843,000. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Mji uliokua kwa kasi hiyo lazima upanuke, sibishani na hilo. Ila kuna kupanuka, na kuna kumwagika. Sisi tulimwagika. Mashariki kuna bahari, kwa hiyo tukafuata barabara zetu nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, na ya Kilwa. Kwa miaka mingi mji ulikaa kama kiganja chenye vidole vinne, na kati ya kidole na kidole yalikuwa mabonde, minazi na mikorosho. Siku hizi nafasi hizo zimeziba, na ncha za vidole zimetoka nje ya mkoa. Mtu wa Vikindu, mtu wa Mapinga, mtu wa Kiluvya, kwenye makaratasi ni raia wa Mkoa wa Pwani. Asubuhi yuko nasi kwenye foleni.

Sasa kwa nini mtu mwenye kazi Kariakoo akajenge Msongola? Wataalamu watakwambia ni ukosefu wa mipango miji. Ni kweli, nitafika huko. Lakini muulize mwenyewe. Atakujibu kwa maneno mawili: kodi, na kiwanja.

Tuseme una chumba na sebule Magomeni, na mwenye nyumba anataka shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Laki moja na nusu unaweza kuitafuta. Tatizo ni kwamba haitaki kwa mwezi. Anataka miezi sita, na wengine wanataka mwaka mzima, mkononi, kabla hujaingiza godoro. Juu yake dalali anataka chake, mwezi mmoja kamili, kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Miezi sita ikiisha, unaanza upya. Mshahara wetu unakuja kwa mwezi, na wa wengi unakuja kwa siku, lakini kodi inakuja kwa nusu mwaka. Hapo ndipo mtu anapokaa usiku anapiga hesabu: fedha hii ya miezi sita, nikiongeza mchezo wa upatu na mkopo wa SACCOS, si ni kiwanja huko Mbande?

Na kweli ni kiwanja. Unapelekwa na dalali, mnapita njia ya mchanga, unaonyeshwa mwembe na mpaka wa minyaa. Mwenye shamba ni mzee aliyerithi heka mbili akazikata vipande vya ishirini kwa ishirini. Mnakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anashuhudia, mhuri unagongwa, karatasi inaandikwa kwa mkono au inachapwa stationery ya jirani. Hiyo si hati. Kila mtu mezani anajua hiyo si hati. Lakini ni karatasi inayoheshimiwa na majirani, na kwa hapa kwetu majirani ndio mahakama ya kwanza. Baada ya hapo ni tofali mia kwa mwezi ukijaliwa. Msingi. Jamvi. Boma linasimama miaka miwili bila paa, nyasi zinaota sebuleni. Ukipaua chumba kimoja unahamia, madirisha ukiyaziba kwa bati au turubai, maana lengo halikuwa nyumba nzuri. Lengo lilikuwa kumtoroka mwenye nyumba.

Hili wapangaji wa miji huwa hawaliweki kwenye michoro yao. Kiwanja cha pembeni ni benki ya mtu asiyekopesheka. Mkopo wa nyumba hapa nchini ni wa wachache wenye hati ya mshahara na riba yake inaumiza. Pensheni ni ya walio kwenye ajira rasmi. Wengine wote akiba yao ni tofali. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa Mbagala Kuu kwamba anachangia kulimwaga jiji, atakuona hujielewi. Yeye anajiona amefanikiwa, na amefanikiwa.

Serikali nayo ilisaidia kusukuma mji huko nje, tena kwa nia njema. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipimwa Sinza, ikapimwa Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vya Sinza vilikuwa vidogo, karibu karibu, na mji ukavifikia. Leo Sinza imejaa, ina kelele, ina baa kila kona, lakini ni mji. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaja na ule mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Kisota, Toangoma, Buyuni. Upimaji ulikuwa wa maana, barabara ziliachwa, na nawapongeza waliofanya. Ila viwanja vilikuwa vikubwa na vilikuwa mbali. Mwenye fedha alichukua, akazungusha ukuta, akaweka mlinzi, akasubiri thamani ipande. Mkulima aliyelipwa fidia akapanda gari na fidia yake akaenda kununua mbele zaidi. Kwa hiyo mradi uliotakiwa kuuzuia mji usitambae uliuvutia uende kilomita nyingine kadhaa.

Mipango mikuu? Tunayo. Wa 1949 wa Waingereza, wa 1968 ulioandaliwa na Wakanada, wa 1979 pia na Wakanada. Huo wa 1979 ulikusudiwa kufika mwaka 1999. Mwaka 1999 ukafika, mpango mpya haukuwepo, na mji uliendelea kujengwa mwaka baada ya mwaka bila kumsubiri mtu. Nyumba huja kwanza, halafu mbunge anaahidi lami, halafu nguzo za umeme, halafu DAWASA wanatakiwa kuvuta bomba kutoka Ruvu kupita Kibamba yote na Goba yote wakitafuta nyumba zilizokaa mojamoja vilimani. Kabla bomba halijafika, mwananchi anachimba kisima chenye maji ya chumvi au ananunua ya boza. Kila bomba, kila nguzo, kila shule ya kata inahudumia watu wachache kwa umbali mrefu. Gharama ya kumwagika ni hiyo, na tunailipa sote, hata aliyebaki Ilala.

Kinondoni na Temeke hazikumwagika kwa namna moja, tusichanganye. Upande wa Barabara ya Bagamoyo wenye uwezo walitangulia, na lami ikawafuata. Upande wa Barabara ya Kilwa waliotangulia ni vibarua wa bandarini na wa viwanda vya Chang'ombe, na lami ilichelewa. Watu wa Temeke hawahitaji mimi niwaeleze. Lakini nikiri kwamba njia ya mabasi ya mwendokasi hadi Mbagala, hata ilipojengwa kwa kuchelewa, ni jambo kubwa kuliko bustani yoyote itakayopandwa Posta.



Haya, turudi mjini. Nani aliwahi kulala Posta? Wajerumani waliugawa mji huu kwa aina za majengo, na Waingereza wakaendeleza: Uzunguni upande wa bahari hadi Oyster Bay, Uhindini katikati penye maduka, Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja tunaopigia picha za harusi uliachwa wazi makusudi, ili Uhindini na Kariakoo zisigusane. Kwa hiyo kabla ya uhuru, Mswahili alikuja Uhindini kufanya kazi na kununua kanga, jioni akarudi ng'ambo. Mtu akisema leo turudishe uhai wa zamani wa katikati ya jiji, namuuliza: wa zamani wa nani?

Kisha ikaja 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ambazo mwenyewe hakai ndani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za Wahindi wa mjini. Nyumba zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kuvunja ubwanyenye wa kupangisha, na katika siasa za wakati ule ilieleweka. Matokeo yake kwa kuta ni habari nyingine. Wamiliki wengi waliondoka, wakaenda Uingereza na Kanada. Wapangaji walibaki na kodi ndogo isiyotosha hata rangi. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba, lile lililoanzishwa 1962, na shirika likarithi maelfu ya nyumba zinazovuja. Mpangaji hakuzitengeneza kwa kuwa si zake. Shirika halikuzitengeneza kwa kuwa hazikuingiza kitu. Na bado nyumba hizo huwezi kuzipata kirahisi, kwa sababu aliyemo ndani hatoki bila kilemba. Mtu analipa kodi ya serikali, halafu anamwachia mwingine ufunguo kwa mamilioni. Fremu za Kariakoo ni vivyo hivyo. Kijana anayeanza biashara hana hayo mamilioni, kwa hiyo anafungua duka lake Tegeta.

Shirika lilipopata ruhusa ya kutoza kodi ya soko, likaingia ubia na wawekezaji. Nyumba za ghorofa mbili zenye mwaka na jina la mjenzi lililochongwa juu ya mlango zikavunjwa, yakapanda maghorofa ya kioo. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ikajenga minara yake karibu na bandari. Kodi zikawa zinatajwa kwa dola. Karani wa benki anayefanya kazi ghorofa ya kumi hawezi kupanga ghorofa ya nne ya jengo hilo hilo. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, jambo lililoamuliwa tangu 1973 na kulala, na safari hii ikahama kweli. Wizara zikaondoka na makarani wake, na makarani wakaondoka na mama ntilie wao. Kampuni binafsi zilikuwa zimeshaanza kusogea Mikocheni, Makumbusho na Barabara ya Bagamoyo kutafuta mahali pa kuegesha magari. Mlimani City ilifunguliwa 2006, na tangu siku hiyo mtu wa Mbezi Beach hana sababu ya kufika Samora isipokuwa ana kesi.

Kariakoo ni kinyume chake: imejaa hadi pumzi. Lakini nayo haina wakazi kama zamani. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilikuwa za urithi, na ndugu wanane hawawezi kugawana vyumba sita kwa amani. Anakuja mwekezaji, anaipa familia fedha au sakafu mbili za juu, anapandisha ghorofa kumi za fremu, stoo na gesti. Familia inachukua mgawo wake na kuhamia Chanika. Hapo mji umepoteza kaya na umepata stoo. Na haraka hiyo ya kupanda juu ina makaburi yake. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo Kariakoo penyewe, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, wakafa zaidi ya watu 25. Baada ya hapo usimshangae mama anayesema ghorofa hataki, bora kibanda chake Chamazi.

Mwaka 2025 ukaja mpango wa biashara saa 24 Kariakoo. Wazo si baya. Nairobi wamelijaribu, Dubai wanaliishi. Lakini mteja wa saa nane usiku atoke wapi? Atoke Bunju? Kwa usafiri gani? Biashara ya usiku inataka mtu anayeweza kuvaa kandambili akashuka ngazi akanunua mkate. Huwezi kumleta kwa taa. Lazima awe anaishi hapo.

Je, inawezekana kumrudisha? Mfano tunao, na hauko mbali, ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale, nyumba zikabomolewa, eneo likakaa wazi watu wakihangaika. Mwaka 2016 ikaahidiwa kwamba watajengewa, Wakala wa Majengo wakajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua, na kaya zilizokuwa zikisubiri zikarudi. Eneo lile lile sasa lina watu kwa ghorofa, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Ni ushahidi kwamba Mswahili anaweza kukaa juu. Nasisitiza hili kwa sababu nimechoka kusikia kwamba utamaduni wetu haukubali ghorofa. Tangu 2008 tuna sheria ya kumilikisha sehemu ya jengo, kwa hiyo hata hati ya chumba cha angani inawezekana. Kinachokosekana ni viwanja vya umma vya mjini kutolewa kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida badala ya kusubiri mwekezaji wa mnara.

Pingamizi moja la watu wa kawaida nalikubali, na wachoraji wa mipango hawalijui. Msiba. Ukiwa na msiba Mbagala, jioni hiyo hiyo turubai limefungwa, mitaa miwili imefungwa, majamvi yametandazwa, masufuria ya pilau yako nyuma ya nyumba na watu mia wanalala hapo. Ukiwa na msiba ghorofa ya sita Upanga, je? Wanaume wakae ngazi ya ngapi? Mtu akinunua kiwanja cha ishirini kwa ishirini ananunua pia nafasi ya kuzikiwa kwa heshima, na ya kuozesha. Jengo la wakazi mjini lisilo na uwanja wa turubai chini, mwenyewe ataliuza na kwenda zake Kivule, na hatakuwa mshamba.

Kuna vikwazo vya fedha nyingi, kama majitaka ya katikati ya jiji na bonde la Msimbazi ambalo kila masika linafunga Jangwani na kukata mji vipande viwili. Hivyo vinahitaji mikopo na miaka. Lakini kuna kimoja hakihitaji hata mfuko wa saruji, nacho ni kodi ya miezi sita. Wakubwa wameligusa jambo hili zaidi ya mara moja, likaishia majukwaani. Wenye nyumba watasema mpangaji wa mwezi mmoja hulala bila kulipa na kumtoa mahakamani ni miaka, na hawasemi uongo. Basi baraza la ardhi la wilaya lipewe uwezo wa kuamua kesi ya kodi ndani ya wiki mbili, mwenye nyumba awe na uhakika wa chake, na mpangaji alipe mwezi kwa mwezi kama anavyolipwa. Ningependa kuona, miaka mitano baada ya hapo, ni wangapi wangekuwa bado wanamwita dalali wa Mbande.